Kupanua Bila Kupoteza: Tafakuri juu ya Kitufe na Ngeli

Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii imezoeleka katika insha za mila na desturi, na mwanafunzi wa Kiswahili huikariri tangu shule ya msingi bila kutarajia kwamba siku moja itamfuata hadi mbele ya kiwambo cha tarakilishi. Ilimfuata mwanafunzi mmoja wa isimu, wa mwaka wa nne, ambaye kwa muhula mzima alijitwika kazi ambayo wenzake waliiona kuwa ya watu wa kitivo kingine. Aliazimia kuunda programu ndogo ya kukusanyia vitendawili. Programu yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Kinachostahili kusimuliwa ni kosa alilolifanya ndani yake, mtu aliyeumizwa na kosa hilo, na jinsi sarufi ya Kiswahili ilivyomwonyesha njia ya kulirekebisha.

Chanzo cha mambo yote kilikuwa ritifaa. Kila mwanafunzi wa fonolojia anajua kwamba ritifaa ndiyo itenganishayo sauti ya mwanzo ya neno ngoma na ile ya neno ng'ombe. Kwa msomaji wa kawaida, ritifaa ni ritifaa, iwe imesimama wima au imepinda. Tarakilishi haina huruma hiyo. Katika msimbo wa Unicode, ritifaa ya wima inayopigwa kutoka kwenye kibodi ina nambari 39, ilhali ritifaa iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe pasipo kuulizwa, ina nambari 8217. Mtu akitafuta ng'ombe mwenye ritifaa ya 39 katika mkusanyiko wa vitendawili, hatampata yule mwenye ritifaa ya 8217, hata kama wote wawili wamo katika zizi moja. Mwanafunzi huyo alikuwa amekwisha kupoteza siku mbili akisaka vitendawili ambavyo vilikuwa mbele ya macho yake. Aliamua basi kwamba programu yake itaruhusu ritifaa ya aina moja tu, ile iliyopinda: pindi mtumiaji apigapo ritifaa baada ya herufi n na g, programu iikamate na kuandika ya 8217 badala yake.

Uamuzi huu ulimpeleka katika uwanja wa wijeti. Wijeti ni kila kijisehemu cha kiwambo ambacho mtumiaji huweza kukigusa au kukijaza: kitufe cha kuhifadhi, orodha ya kuchagua, kisanduku cha kuandikia. Anayeunda programu siku hizi hachongi vijisehemu hivyo kutoka kwenye gogo. Huvipata vikiwa tayari, na kila kimoja huja na tabia zake za asili. Kisanduku cha kuandikia hujua kwamba herufi ikipigwa sharti ionekane. Kwamba mishale husogeza kishale. Kwamba Shift pamoja na mshale huteua maneno. Kwamba Ctrl pamoja na Z hutengua kosa la mwisho. Na kwamba Tab humtoa mtu katika kisanduku kimoja na kumpeleka kwenye kisanduku au kitufe kifuatacho.

Tabia hizo ni urithi mrefu. Mpangilio wa herufi katika kibodi, au baobonye kama wengine wapendavyo kuiita, unatokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Tab nayo ilianza katika taipureta, ambako ilisaidia kupanga nambari katika safu za majedwali. Vitendo vya kukata, kunakili na kubandika viliendelezwa na Larry Tesler na wenzake katika maabara ya Xerox huko Palo Alto katika miaka ya 1970, na tarakilishi ya Lisa ya kampuni ya Apple, iliyotolewa mwaka 1983, ikavifunga vitendo hivyo kwenye herufi X, C na V ambazo zimedumu hadi leo. Kwa hiyo, mtu anapobonyeza vitufe viwili na sentensi ikahama, vidole vyake hutenda kwa mazoea ambayo vizazi kadhaa vya watumiaji vimeyarithishana. Wengi huyaona mazoea hayo siku yanapotoweka.

Kwa mwanafunzi huyo, yalitoweka jioni ya kwanza. Alikuwa ameshauriwa atumie wxPython, ambayo ni njia ya kuitumia wxWidgets kwa lugha ya Python. Mkusanyo huo wa wijeti ulianzishwa na Julian Smart katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1992, na sifa yake kuu ni kwamba hutumia wijeti halisi za mfumo wa tarakilishi husika, badala ya kuchora za kuigiza. Alijifunza haraka kwamba kila kitufe kinapobonyezwa huzaliwa tukio, na kwamba mtunzi wa programu anaweza kuweka kipokezi chake mwenyewe kilipokee tukio hilo kabla halijafika kwenye kisanduku. Aliandika kipokezi chenye mistari sita. Kilichunguza iwapo kitufe kilichopigwa ni ritifaa na iwapo herufi mbili zilizotangulia ni n na g. Ikiwa ndivyo, kiliandika 8217. Aliifungua programu, akapiga herufi k. Kiwambo kilibaki cheupe. Akapiga a, akapiga Enter, akapiga mishale yote minne. Kisanduku kilimtazama tu. Katika kibodi nzima, kitufe kimoja tu ndicho kilichokuwa na habari, nacho hakikuwa na la kufanya kwa sababu n na g hazikuweza kuandikika.

Maelezo ya balaa hilo ni mepesi mtu akishayajua. Katika wxWidgets, kipokezi kipya kikilipokea tukio na kunyamaza, mfumo hukichukulia kuwa kimelimaliza. Tukio haliendelei, na tabia ya asili ya kisanduku haipati nafasi ya kufanya kazi. Ili tukio lipite, sharti kipokezi kitoe agizo liitwalo Skip. Jina lenyewe linapotosha, maana mwenye kulisikia hudhani kwamba jambo fulani litarukwa. Kazi yake hasa ni kuliruhusu tukio liendelee na safari hadi kwa wenyeji wake wa awali. Kipokezi cha mwanafunzi huyo kilikuwa kama bawabu mpya aliyeajiriwa amzuie mtu mmoja asiingie, naye, kwa kuwa hakuambiwa lolote kuhusu wengine, akawazuia wote.

Alipoongeza Skip mwishoni mwa kipokezi, herufi zilirudi na moyo wake ukatulia, lakini si kwa muda mrefu. Alipoandika ng'ombe, ritifaa zilitokea mbili: iliyopinda, ambayo kipokezi kiliiandika, na ya wima, ambayo kisanduku kiliiandika chenyewe kwa sababu tukio lilikuwa limeruhusiwa kupita. Hapo alitambua kwamba Skip ina mahali pake. Pale kipokezi kinapoichukua kazi ya kitufe fulani, kiimalize na kunyamaza. Pale kisipoichukua, kitoe ruhusa. Kufanya yote mawili kwa kitufe kimoja ni sawa na watu wawili kuitikia salamu iliyokusudiwa mmoja.

Hadi hapo alikuwa katika njia iliyonyooka, na lau angalisimama papo hapo, kisa hiki kisingekuwapo. Ila aligundua tundu. Mtu angeweza kunakili kitendawili kutoka kwenye waraka mwingine na kukibandika katika kisanduku, kikiwa na ritifaa ya wima, na kipokezi kisingeiona kwa kuwa haikupigwa. Mwanafunzi huyo aliona kwamba sheria yake inachezewa. Akahamisha kipokezi hadi mahali pa mbele zaidi, penye tukio ambalo hutangulia matukio mengine yote ya kibodi katika dirisha, akabadilisha na mwelekeo wa sheria. Awali alikuwa amekitaja kitufe anachokichukua na kuviachia vingine vyote. Sasa aliandika orodha ya vinavyoruhusiwa: herufi, tarakimu, alama za uakifishaji, nafasi, Enter, kitufe cha kufuta, na mishale. Chochote kisichokuwamo katika orodha, pamoja na kila kitufe kilichobonyezwa sambamba na Ctrl, kilimezwa. Aliijaribu programu kwa wiki nzima, akiandika kwa kibodi na kuhifadhi kwa kipanya, na haikumpa shida yoyote. Akaamini kwamba ameshinda.

Mtumiaji wa kwanza baada yake alikuwa mwalimu wa shule ya upili, mtu mzima mwenye miaka mingi ya ufundishaji, aliyekuwa amerejea chuoni kusomea shahada ya uzamili. Mwalimu huyo haoni tangu utotoni. Hutumia NVDA, programu isiyolipiwa inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kiwambo. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni, na madirisha yake yenyewe yameundwa kwa wxPython. Kwa hakika hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya mwanafunzi kushauriwa aitumie wxPython, kwa kuwa wijeti zake husomeka vyema na programu za namna hiyo. Mwalimu alikuwa na vitendawili alivyovirekodi kwao nyumbani wakati wa likizo, vingi vikiwa vya wazee ambao hawakuwa na wa kuwarithi, na alitaka kuviingiza katika mkusanyiko. Aliketi mbele ya tarakilishi ya maabara adhuhuri moja, vipokea sauti viwili masikioni, kimoja cha kinasasauti na kingine cha tarakilishi, akaanza kupiga chapa.

Alipiga chapa kwa saa tatu. Alipofikisha kitendawili cha 60 hivi, aliona ni vyema ahifadhi. Alibonyeza Tab ili akifikie kitufe cha kuhifadhi. Kimya. Akabonyeza tena, kisha akabonyeza Shift pamoja na Tab ili arudi nyuma. Kimya. Alidhani kwamba kisomaji chake kimekwama, akapiga herufi moja, nayo ikatamkwa barabara, akaifuta. Akajaribu kuteua maandishi yote kwa Ctrl pamoja na A, kisha ayanakili kwa Ctrl pamoja na C ili ayapeleke katika programu nyingine. Hakuna kilichoitika. Kisomaji chake kina njia ya mzunguko ya kukifikia kitufe bila Tab, lakini hakuwa ameizoea, na katika tarakilishi zote alizozitumia kabla ya hapo hakuwahi kuihitaji. Akainua sauti kuuliza kama kuna mtu karibu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana kwa waliochelewa, na maabara ilikuwa tupu. Aliamua kungoja. Kabla hajapata mtu wa kumshikia kipanya, umeme ulipotea. Uliporejea, kisanduku kilikuwa cheupe.

Mwanafunzi alimkuta akiwa bado ameketi hapo hapo, ameurudisha utepe wa sauti mwanzo.

"Mwanangu," mwalimu alimwambia bila kupaza sauti, "nyumba yako ina mlango wa kuingilia. Wa kutokea uliuweka wapi?"

"Niwie radhi, Mwalimu. Umeme..."

"Umeme umepotea mara nyingi maishani mwangu. Huwa nimekwisha kuhifadhi."

Mwanafunzi hakuwa na jibu. Aliketi mahali pale pale, akakisukuma kipanya mbali, akafumba macho, akabonyeza Tab. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha, ili aone kama angalau sheria yake ya ritifaa imelindwa, alikivuta kipanya, akabofya upande wa kulia, akachagua kubandika. Maandishi yaliingia bila kizuizi, na ritifaa zake za wima zikiwa kamili. Basi sheria ile kali ilikuwa imeufunga mlango wa kibodi, ambao ndio pekee alioutegemea mwalimu, na kuuacha wazi mlango wa kipanya, ambao ndio uliopaswa kulindwa kama kulikuwa na wa kulindwa. Haikumzuia aliyekusudiwa. Ilimfungia ndani asiyehusika.

Usiku huo mwanafunzi alikuwa na zoezi la sintaksia la kukamilisha, na zoezi hilo ndilo lililomfumbua macho. Lilihusu upatanisho wa kisarufi wa nomino zinazotaja watu lakini ambazo kimaumbile ni za ngeli ya I-ZI: rafiki, ndugu, dada, baba, mama. Sentensi ya mfano ilikuwa hii: Rafiki yangu huyu mwema amefika. Kitenzi kimechukua upatanisho wa A-WA, kwa kuwa rafiki ni kiumbe mwenye uhai. Kivumishi nacho ni mwema, na kionyeshi ni huyu. Kimilikishi pekee ndicho kilichobaki katika ngeli ya asili: yangu. Wingi wake huwa vivyo hivyo: Rafiki zangu hawa wema wamefika.

Alikuwa ameisoma kanuni hii mara nyingi bila kuistaajabia. Usiku huo aliiona kwa jicho jingine. Kuna ngeli ya asili yenye mfumo wake kamili wa upatanisho. Kisha ikaja sheria mpya, sheria ya uhai, ikadai kwamba viumbe wapewe heshima ya A-WA. Katika nomino hizi sheria hiyo haikuifuta ngeli ya zamani. Ilichukua vilivyo vyake, yaani kitenzi, kivumishi na kionyeshi, na mahali ambapo haikudai kitu, ngeli ya awali iliendelea na kazi yake kama kawaida. Sheria mbili zinaishi ndani ya sentensi moja ya maneno matano, na mzungumzaji mzawa hahisi mgongano wowote.

Aliyafikiria pia makosa ambayo wanaojifunza Kiswahili huyafanya katika eneo hilo. Wako wasemao rafiki yangu imefika. Hao hawajaipokea sheria mpya kabisa. Kwao kisanduku kimebaki kilivyonunuliwa. Wako na wasemao rafiki wangu amefika. Hao wameipokea sheria mpya kwa bidii iliyozidi, wakaifanya imeze hata kile ambacho haikukidai. Mwanafunzi huyo alikuwa amewasahihisha wanafunzi wa kidato cha pili kosa hilo la pili wakati wa mazoezi ya ualimu, kwa kalamu nyekundu, na sasa aliliona katika kazi yake mwenyewe. Kipokezi chake kilikuwa kikisema rafiki wangu.

Mnyambuliko wa vitenzi nao ulimpa ushahidi huo huo. Piga huzaa pigia, pigiana, pigwa, pigisha, na katika yote mzizi pig- umesimama mahali pake. Kiambishi tamati hakiulizi mzizi uondoke ndipo kipate pa kukaa. Ndiyo maana msikilizaji akutanaye na umbo jipya la kitenzi, ambalo pengine hajawahi kulisikia, hulielewa bila kufafanuliwa: kilichoongezwa ni kipya, kilichobebwa anakijua. Vivyo hivyo, mtumiaji akutanaye na kisanduku kipya anapaswa kukielewa kwa vidole vyake, kwa sababu kile alichokirithi kimo ndani.

Alipoirudia programu asubuhi, aliipindua orodha. Badala ya kutaja vinavyoruhusiwa, alitaja kinachochukuliwa. Tofauti ya namna hizi mbili huonekana kuwa ndogo kwenye karatasi, ila ina uzito mkubwa. Anayeorodhesha vinavyoruhusiwa hujidai kwamba anavijua vyote ambavyo watu wote wanavihitaji, naye huvijua vile anavyovihitaji yeye tu. Mwanafunzi huyo hakuisahau Tab kwa uovu. Aliisahau kwa sababu mkononi mwake kulikuwa na kipanya. Anayeorodhesha kile anachokichukua halazimiki kumjua kila mtumiaji. Humtosha kujua mipaka ya dai lake mwenyewe.

Aidha, alitaka kujua kama jambo hili ni la wxWidgets pekee. Alikuta kwamba mikusanyo mingine ya wijeti ina kanuni iyo hiyo, ila hutofautiana katika maana ya kunyamaza. Katika Qt, iliyoanzia Norway katika miaka ya 1990, mtunzi hurithi klasi ya kisanduku, na mwanafunzi wa sarufi asingekosea kuiita ngeli, kisha hukiandika upya kipokezi cha vitufe. Akinyamaza, tabia ya mzazi haitendeki. Kwa hiyo hutakiwa kukiita kipokezi cha klasi mzazi kwa kila kitufe asichokishughulikia. Katika Tk, ambayo John Ousterhout aliianzisha katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, desturi ni kinyume. Kipokezi kipya hutangulia, kisha cha klasi hufuata chenyewe, isipokuwa mtunzi arudishe neno la kukomesha. Vivinjari vya mtandao navyo huendelea na tabia yao ya asili mpaka kipokezi kiwaambie waziwazi kwamba kisifanyike. Kuna nyumba, basi, ambamo kimya ni ruhusa, na nyumba ambamo kimya ni kizuizi. Mgeni mwenye adabu huuliza kwanza amefika katika nyumba ipi.

Alikuta vilevile kwamba mkasa wa mwalimu una jina. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa maudhui ya mtandao, toleo la 2.0, uliotolewa na shirika la W3C mnamo Desemba 2008, una kigezo nambari 2.1.2 kinachokataza mtego wa kibodi. Maana yake ni kwamba mtu aliyeingia katika kijisehemu fulani kwa kibodi lazima aweze kutoka humo kwa kibodi, na ikiwa njia ya kutoka si ile ya kawaida, aelezwe. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya kurasa za mtandao, lakini hekima yake haiishii huko. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 54 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kuwasaidia kukabili vikwazo vinavyotokana na ulemavu wao. Ni ajabu kwamba mtu anaweza kuwa na kifaa hicho tayari, kimefanya kazi yake yote, kisha mistari michache ya mtu asiyemfahamu ikakibatilisha.

Palibaki tundu la kubandika. Baada ya kulitafakari, mwanafunzi huyo alikiri kwamba hata kipokezi chake cha mwanzo kiliwekwa pasipostahili. Hakujali ni kitufe gani kimebonyezwa. Alijali ni ritifaa gani imehifadhiwa. Maandishi huingia kwa njia nyingi: kwa kibodi, kwa kubandika, kwa kuburuta, hata kwa imla. Mahali pekee yanapokutana yote ni wakati wa kuhifadhi. Aliandika kanuni fupi kwamba, programu ihifadhipo, kila ritifaa ya 39 inayotanguliwa na ng igeuzwe kuwa 8217. Fonolojia ilimhakikishia kwamba kanuni hiyo haitadhuru, kwa maana silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Neno la Kiswahili haliishii kwa ng, hivyo ritifaa iliyo baada ya ng si ya kufungia usemi, ila pengine katika jina la kigeni. Kipokezi cha ritifaa alikifuta chote. Mistari ile iliyomgharimu mwalimu adhuhuri yake haikuhitajika tangu mwanzo.

Mwalimu alirudi wiki iliyofuata. Aliketi, akaandika kitendawili kimoja, akabonyeza Tab, akasikia neno Hifadhi likitamkwa kwa ile sauti kavu ya mashine, akabonyeza nafasi. Akarudi ndani kwa Shift pamoja na Tab. Akatoka tena. Alifanya hivyo mara tatu kabla hajaandika kitendawili cha pili, na mwanafunzi, aliyesimama nyuma yake, hakumwambia kwamba mara moja ingetosha.

"Nina ombi," mwalimu alisema. "Nikiwa katikati ya kazi, ningependa kujua nimefikisha vingapi bila kutoka kisandukuni. Nipe kitufe kimoja. Kimoja tu."

Wakakubaliana F8, baada ya kuhakikisha kwamba hapakuwa na kazi nyingine iliyokuwa ikikitegemea. Mwanafunzi aliandika kipokezi kipya papo hapo, mwalimu akimngoja. Kilikuwa na mistari minne. Mstari wa kwanza uliuliza kama kitufe ni F8. Wa pili ulitangaza idadi. Miwili iliyobaki ilisema kwamba, ikiwa ni kitufe kingine chochote, kipite. Kabla ya kumkabidhi mwalimu kiti, alikisukuma kipanya hadi mwisho wa meza, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza akaijaribu programu yake kuanzia kisanduku cha kwanza hadi kitufe cha mwisho kwa vidole peke yake. Kisha akainuka.

"Karibu, Mwalimu."

Mwalimu aliketi, akavaa vipokea sauti vyake, akauanzisha utepe tena kutoka kitendawili cha kwanza.